Nguzo ya Nne

Masjala, Jumatatu, 3 Machi

Kaka,

Kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango. Kama uko kantini, kunja barua hii urudi nayo chumbani. Neno lolote lililomo humu likimfikia mtu mwingine, hata kwa utani, hata kwa kunisifu, mimi sina kazi, na pengine kukosa kazi ndilo litakuwa jambo dogo. Ukimaliza, ichane. Usiseme utaiweka mahali pazuri. Mahali pako pazuri ni mfuko wa suruali unayompa dobi.

Sipigi simu kwa sababu huko kambini simu ni moja na iko mezani kwa bosi wako, na huku mkuu wa masjala anasikiliza hata akiwa amekupa mgongo.

Ni kuhusu mchezo. Ulipohamishwa kutoka ofisi hii ya ukaguzi wa majengo kwenda kwenye barabara zenu, uliniachia sanduku la dadu, ramani saba na wachezaji watatu waliozoea kushinda. Hukuniachia kitu kingine, hata ushauri. Miaka mitatu, kila Jumamosi mchana, katika chumba cha nyuma cha fundi cherehani, wewe ulisimulia nchi yako ya kubuni na wao wakaishi ndani yake. Mle ndani Kinyozi alikuwa mwizi mwenye kofia. Nesi alikuwa mganga wa jeshi. Fundi umeme alikuwa shujaa mwenye shoka, akaupenda uhusika wake mpaka siku hizi hata mkewe anamwita Shoka. Dadu ya pande ishirini ikiangukia vizuri, joka linakufa, kila mtu anakwenda kwake anaimba.

Mimi siwezi hayo. Katika mchezo wangu nimewapeleka Mnara wa Wafumaji. Wasichana wanafuma ghorofani, na kila asubuhi vitanda vya kufumia vimesogea upana wa kidole kuelekea katikati ya chumba. Ukuta una mlio. Vumbi jeupe linadondoka kwenye vikombe vyao vya maji. Hakuna adui. Lazima waulize, wasome, wapime. Nimewatengenezea hata karatasi ya ushahidi: taarifa ya mwashi mkuu wa mji, aliyeona nguzo iliyopasuka akaandika, kisha taarifa yake ikafichwa. Niliichovya kwenye chai, nikaipiga pasi ionekane ya kale.

Juzi Shoka akapasuka yeye.

"Nani wa kupigwa hapa?" akauliza.

"Bado hamjajua."

"Wiki sita! Wiki sita sijamkata mtu hata kucha. Shoka langu limeshika kutu."

"Lete kwangu likate nywele," Kinyozi akasema. "Nina nafasi moja, ya kufagia."

Nesi akanitetea, maana yeye ndiye anayeipenda hadithi hii. "Mimi nikitoka wodini sitaki tena damu. Nataka kujua kitu kimeanzia wapi."

"Ukishajua?" Shoka akamgeukia. "Eti? Ukishajua, unafanya nini?"

Wote watatu wakaniangalia mimi. Nikawaambia warushe dadu waone kama wanausikia mlio. Shoka hakurusha. Aliichukua ile karatasi, akaisoma tena polepole, midomo ikicheza, akaikunja akaitia kwenye mfuko wa ovaroli na kuondoka bila kuaga. Shoka, ambaye huaga mpaka paka.

Nina hasira na wewe. Uliwazoesha kwamba kila kinachotisha kina kichwa cha kukatwa, halafu ukapanda gari. Niambie basi: unapimaje? Kiasi gani cha giza, kiasi gani cha upanga, ili watu wasinikimbie na mimi nisiwadanganye?

Mdogo wako,
Karani

*

Kambi ya barabara, Ijumaa, 7 Machi

Mdogo wangu mwoga,

Mlango nimefunga, dirisha nimefunga, nimekaribia kufa kwa joto, na kumbe siri yenyewe ni kwamba Shoka amenuna. Nilifikiri umeua mtu.

Una hasira na mimi? Kaa kwenye foleni, kuna wahandisi wawili na mpishi mbele yako. Lakini umeuliza, nakujibu.

Mezani kwako kuna watu wazima watatu waliokanyagwa wiki nzima. Nesi ameambiwa na daktari anyamaze. Kinyozi ameshika vichwa vya watu wanaomlipa kwa ahadi. Shoka amening'inia darini na nyaya mdomoni. Wanakuja Jumamosi, na wewe unawapa ukuta wa kuuogopa. Ukuta! Anaupigaje ukuta? Umewatisha, sawa, hiyo kazi rahisi. Hata mlango wa choo kibovu unatisha. Lakini hofu isiyo na pa kupigia inamrudisha mtu kazini kwake kabla ya Jumatatu.

Mimi nilikuwa na kanuni na sikuwahi kukwambia kwa sababu hukuuliza. Mchezaji akisoma karatasi mbili, ya tatu impe anuani ya adui. Akiogopa vyumba viwili, cha tatu kiwe na mlango wa kupigwa teke. Na adui awe na shingo. Uchunguzi ni ngazi tu ya kupandia. Usiwaambie watu waje kukaa kwenye ngazi.

Kwa hiyo Jumamosi hii malizia. Lete joka. Liuparamie mnara, libomoe nguzo ya nne, ghorofa iporomoke, wafumaji waokolewe kwa kamba, Shoka alikate, Kinyozi aibe jino lake, Nesi afunge bandeji. Mnara ukishaanguka hakuna wa kuuliza kwa nini ulikuwa umepasuka. Wiki inayofuata wapeleke baharini, milimani, popote.

Na ile karatasi mdai Shoka. Vitu vya mchezo havitoki chumbani, hilo anajua. Umeitoa wapi, hata hivyo? Usiniambie umeitunga. Wewe hujawahi kutunga hata uongo wa kuchelewa.

Kaka yako

*

Masjala, Jumanne, 11 Machi

Kaka,

Joka sikulileta. Jumamosi Shoka hakuja, tukakaa watatu tukizungumzia mvua. Jana alikuja hapa, ofisini, kwenye kaunta ya masjala, saa nne asubuhi, mkuu wa masjala akiwa hatua tano nyuma yangu.

"Habari ya kazi, dada karani."

"Nzuri. Nikusaidie nini?"

"Nataka kuona faili."

"Lipi?"

Akaitandaza karatasi yangu ya chai juu ya kaunta, akaweka kidole kwenye kona ya juu, kulia. Pale palikuwa na namba 47 kwa wino mwekundu.

Unajua maana yake. Kila karatasi inayoingia kwenye faili huandikwa namba yake kwa wino mwekundu kwenye kona ile, na mimi naandika namba hizo tangu asubuhi mpaka jioni. Nilipokuwa nanakili taarifa ile kwa ajili ya mchezo, mkono ulinakili na namba. Sikuiona. Nimeipiga pasi kwa mkono wangu mwenyewe na sikuiona.

Ndiyo, niliinakili. Hukukosea, siwezi kutunga. Hakuna mwashi mkuu wala mnara. Kuna chuo cha ufundi wa kushona, ghorofa mbili, mashine nzito arobaini zilizopandishwa juu kwenye sakafu iliyojengwa kwa ajili ya madawati. Kuna taarifa ya mkaguzi mzee, yule aliyefariki mwaka juzi, inayosema nguzo imepasuka, wanafunzi watolewe mara moja. Hiyo ndiyo karatasi ya arobaini na saba. Ya arobaini na nane haimo. Mahali pake pana kikaratasi tu kwamba imeazimwa na mkuu wa masjala. Na wasichana bado wako juu wanashona.

Niliiona mwezi wa kwanza nilipokuwa nafunga upya jalada lililochanika. Nilisubiri mtu aniulize. Hakuna aliyeniuliza. Nikashindwa kula, nikashindwa kusema, nikaichukua nikaipeleka kwenye mchezo, kwa sababu pale angalau kulikuwa na watu watatu watakaoisoma kwa makini. Nilijiambia nawafundisha kuchunguza. Nilikuwa naogopa, kaka, nikataka watu wa kuogopa nao.

Shoka aliongea kwa sauti ya chini, na ilikuwa mbaya kuliko kelele.

"Vipimo hivi navijua. Nguzo hii niliitoboa mimi, nikipitisha waya wa mashine. Drili iliingia kama kwenye mkate. Nikamwambia msimamizi, akasema wahandisi wameshaona. Nikaamini. Nikafunga soketi, nikaondoka." Kisha akauliza, "Nesi anajua?"

"Hapana."

"Binti yake anakaa mashine ya tatu dirishani."

"Najua."

"Unajua." Alilirudia neno hilo kama mtu anayeonja kitu kilichoharibika. "Unakaa meza moja na mama wa yule mtoto, unamwambia arushe dadu."

Mkuu wa masjala akainua kichwa. "Kuna tatizo hapo?"

"Hakuna, mzee," Shoka akasema. "Nimekuja kuuliza habari ya taa ya korido." Na kweli akaiangalia taa ya korido, akapanda kiti akaikaza, akaondoka. Lakini tangu jana mchana mkuu anapita meza hadi meza akiuliza ni nani wa mwisho kushika faili la chuo.

Sasa nijibu wewe. Mimi huweka nakala ya kila barua ninayoandika, hata yako. Ni ugonjwa wa kazi. Jana nimeisoma nakala ya ile ya tarehe tatu mara nne. Nimeandika "nguzo iliyopasuka". Sikutaja ni ipi. Wewe umenijibu joka libomoe nguzo ya nne.

Ulifanya kazi ghorofa ya juu yangu miaka mitano, msaidizi wa mkaguzi. Umeijuaje nguzo ya nne?

Karani

*

Kambi ya barabara, Ijumaa, 14 Machi

Wewe mtoto,

Unaniwekea nakala. Mimi, ndugu yako wa tumbo moja, unanifungulia faili.

Sawa. Andika basi, na namba nyekundu uweke. Nilikuwepo. Mzee alipima, mimi nilishika futi kamba. Nilitia vidole viwili ndani ya ufa wa nguzo ya nne na vikaingia mpaka kwenye kiungo. Mzee akaandika taarifa yake siku ileile. Wiki tatu baadaye akaugua, na mkuu wa ofisi akaniita, akaniwekea mezani karatasi iliyokwisha kupigwa chapa: jengo limekaguliwa tena, nguzo ni nzima, ruhusa iendelee. Hapakuwa na ukaguzi wa pili. Pale chini palikuwa na jina langu na nafasi ya sahihi. Akaniambia mashine zitashushwa chini ndani ya mwezi, hii ni ya kuwavusha tu mitihani. Akaniambia barabarani wanatafuta kijana wa kumpandisha cheo. Nikasaini. Dakika moja. Nilikuwa nimesimama, hata kiti sikuvuta.

Ulitaka nifanye nini? Nipige teke mlango? Wewe uliyeikuta Januari ukaichovya kwenye chai, wewe ndiye wa kuniuliza?

Jumamosi iliyofuata baada ya kusaini niliwapa wachezaji majoka mawili badala ya moja. Iliyofuata, matatu. Kinyozi akasema sijawahi kuendesha mchezo vizuri hivyo. Unadhani nilikuwa napima hofu na ushujaa? Nilikuwa nataka kuona kitu kinakatwa kinakufa, basi, na hakirudi Jumatatu.

Sikiliza sasa. Faili lirudishe mahali pake. Karatasi yako ichome. Shoka mnyamazishe, mwambie ana watoto. Nesi mwambie amhamishe binti yake, atafute sababu yoyote, mafua, chochote. Mmoja huyo tunaweza kumtoa bila kelele. Ukiendelea zaidi ya hapo utanizika mimi, siyo mkuu. Sahihi ni yangu peke yangu.

Usiniandikie tena mpaka hili lipoe.

Kaka yako, kama bado unalikubali neno hilo

*

Jumanne, 18 Machi

Mkuu wa Meza yetu ya mchezo,

Mimi siyo mwandishi, makosa utayavumilia. Mdogo wako hajui kama nakuandikia. Barua yako ya Ijumaa amenisomea, hasa pale unaposema ninyamazishwe kwa kuwa nina watoto. Ninao wanne, asante kwa kunikumbusha.

Nakueleza nilichofanya ili usikisikie kwa watu. Jana asubuhi nilikwenda chuoni na leseni yangu na ngazi yangu. Nikafungua boksi kuu la umeme, nikakuta waya wa ghorofani umelegea, jambo la kweli kabisa, ingawa la kukaza kwa bisibisi. Sikuukaza. Nilizima swichi kubwa, nikafunga lakiri, nikabandika karatasi nyekundu ya hatari na kusaini jina langu. Mashine zote arobaini zikanyamaza kwa pamoja. Unajua, sikuwahi kujua jinsi jengo lile linavyotetemeka mpaka lilipoacha.

Mkuu wa chuo akaja mbio. "Fundi, tuna oda ya sare!"

Nikamwambia, "Bwana mkubwa, mtoto akipigwa shoti, oda hiyo utashona wewe?"

Akawatoa nje. Sitini na wawili, niliwahesabu wakishuka. Binti wa Nesi alikuwa anacheka, amefurahi kupata likizo.

Haya ndiyo niliyotaka kukwambia. Miaka mitatu mezani kwako nimeua majoka nimepoteza hesabu, na kila nikitoka pale nilijiona mwanamume. Jana nimefunga swichi moja, bisibisi ikanidondoka mara mbili, na sikujiona chochote. Lakiri yangu haifiki mbali. Ijumaa shirika la umeme linaleta fundi mwingine, atakaza waya ule kwa dakika tano, Jumatatu watoto wako juu tena. Umeme ninaujua. Zege silijui, na hakuna atakayenisikiliza habari ya zege.

Wewe ulitia vidole mle ndani. Ulikuwa unanitazama usoni kila Jumamosi, ukijua mimi ndiye niliyefunga soketi pale.

Kama ungekuwa hapa ningekupiga. Najua hilo ndilo unalolielewa haraka.

Shoka

*

Chumba cha nyuma cha saluni, Jumatano, 19 Machi

Kaka,

Umesema nisikuandikie. Nimeandika.

Naanza na Nesi, kwa sababu yeye ndiye niliyemwogopa kuliko mkuu. Jumamosi tulikuwa wote wanne mezani. Sikufungua ramani. Niliweka taarifa ya mzee katikati, ile yenyewe, siyo ya chai, nikasema huu siyo mnara, ni chuo, na nguzo ipo, na nimejua tangu Januari. Kinyozi alitaka kusema utani, nikaona mdomo wake unautafuta, ukaukosa.

Nesi aliokota dadu moja moja akazirudisha sandukuni, taratibu, kama anayehakikisha hakuna kifaa kilichosahauliwa tumboni mwa mgonjwa. Alipomaliza akafunga kifuniko.

"Jumamosi sita," akasema. "Mwanangu alikuwa juu pale, na wewe unaniuliza kama mganga wangu ameusikia mlio."

"Nisamehe, dada."

"Usiniambie dada. Leo niite Nesi, kama wagonjwa." Akavaa viatu vyake. Mlangoni akageuka. "Nikisema nimekusamehe nitakuwa naigiza, na mimi mchezo nimemaliza. Lakini kesho saa mbili uwe kwangu, na karatasi hiyo. Tunakwenda nyumba kwa nyumba."

Hakuniuliza kama naogopa. Tulizunguka Jumapili nzima. Mimi nasoma taarifa, yeye anaieleza kwa maneno ya watu. Kuna baba mmoja alinifukuza na mwiko. Kuna mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mwaka ulioandikwa juu, nikamtajia, akakaa chini pale pale kizingitini. Nilitamani na yeye angenifukuza. Ule wangu wa kwenye mnara haukuwa woga, kaka. Nilikuwa najipa baridi mwilini tu, nikiwa nimekaa salama. Na wewe na majoka yako ulikuwa unajipa joto. Tumegombana barua mbili nzima kuhusu kiasi, kijiko hiki cha giza, kijiko kile cha upanga, na wote wawili tulikuwa tunapika kitu kimoja: namna ya kutopanda ngazi zile za chuo.

Mkuu wa masjala alinisimamisha kazi Jumatatu mchana, baada ya Shoka kuzima umeme. Barua ya kunisimamisha ina makosa mawili ya tarehe. Nilimwonyesha. Akasema, "Toka." Nikatoka, lakini kabla ya hapo nilimwomba anipe faili la chuo ili nilikabidhi rasmi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeandikwa wa mwisho kulishika, na kwa hasira akaniletea, pamoja na karatasi ya arobaini na nane aliyokuwa ameificha drooni kwake. Alitaka niisaini kwenye orodha ya makabidhiano kwamba imo. Nikaisaini. Kwa hiyo nimeiona. Majina yako yote matatu, na ile kona ya mwisho ya sahihi unayoipindisha kama mkia. Ulinifundisha mimi kusaini, nakumbuka, kwenye daftari la kuchorea. Niliwaza kuichana. Sikuwaza kwa muda mfupi, usinifanye malaika.

Sikuichana kwa sababu ingekusaidia wewe peke yako.

Sasa mambo yako hivi, na naomba uyasome kama mtu mzima. Wazazi wamedai mkutano, Jumamosi hii tarehe 22, saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa chuo, ule wa chini uliojitenga na jengo. Mkuu wa ofisi amekubali kuja. Amekubali kwa furaha. Atakuja na faili. Mimi nitasimama nisome ya arobaini na saba, na yeye atasimama asome ya arobaini na nane, na unajua sheria ya faili kama ninavyoijua: karatasi ya mwisho ndiyo inayosema. Mzee hayupo wa kuulizwa. Shoka ni mtu wa nyaya. Mimi ni karani aliyesimamishwa kazi kwa kuiba nyaraka, ndivyo atakavyonitaja. Jumatatu wasichana sitini na wawili watapanda, na swichi itawashwa, na jengo litaanza tena kutetemeka.

Mtu mmoja tu aliye hai alishika futi kamba siku ya kwanza, na anajua kwamba siku ya pili haikuwepo. Njoo uandike ya arobaini na tisa. Maneno matano yanatosha, na umeshaniandikia mwenyewe: hapakuwa na ukaguzi wa pili.

Sikuombi uwe shujaa. Neno hilo limenichosha. Na sikutishi, ya arobaini na nane itasomwa ukija usipokuja, na mkuu ataishika juu wazazi wote waione sahihi. Siku nguzo ile itakapoachia, hilo ndilo jina watakaloanza nalo, na mimi sitalitetea. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa upole mara tatu. Haikuandikika.

Nina hasira na wewe mpaka meno yananiuma. Ila nimekutandikia godoro.

Nyumbani usinitafute, nimeondoka nyumba ya ofisi. Ofisini usipige simu. Barua hii inaondoka na lori la kambi kesho asubuhi, utaipata jioni. Omba ruhusa ya msiba, useme wowote, na upande gari la Ijumaa mchana. Usishukie stendi, dereva wa mkuu wa ofisi hushinda pale. Shukia kituo cha zahanati. Vuka upande wa duka la vioo, fuata ukuta wa kijani mpaka uone kiti cha kinyozi kimewekwa nje. Kama kiti kipo, ni salama. Kama hakipo, pita bila kusimama, urudi zahanati umuulize Nesi kwenye dirisha la dawa. Yuko zamu mpaka saa kumi na moja, na hatakuchangamkia, vumilia. Mlango wa mbele wa saluni umefungwa, pita ule wa nyuma, wenye pazia. Shoka ndiye atakayefungua, nimemwomba asikuguse kabla ya mkutano.

Atakuuliza wewe ni nani, ingawa anakujua. Usimwambie kaka wa karani. Taja jina lako lote, kama ulivyolisaini.

Mdogo wako